Ustahilifu wa Helikopta Kuruka Ndani ya Nchi na Kuvuka Mpaka: Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi helikopta inavyothibitishwa kuwa inastahili kuruka, nani mwenye mamlaka ya kutoa uthibitisho huo, na nini hutokea pale chombo kilichosajiliwa katika nchi moja kinapofanya kazi kwa muda mrefu katika nchi nyingine. Eneo linalozingatiwa ni Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, ambako anga za Tanzania, Kenya na Uganda zinakutana juu ya maji. Hoja inayojengwa ni kwamba kuoanishwa kwa kanuni za nchi za Afrika Mashariki kumefanya hati zifanane bila kuunganisha uwajibikaji unaobebwa na hati hizo.

1.0 Utangulizi

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Mwanza hadi Entebbe ni takriban kilomita 280 kwa mstari wa moja kwa moja. Hadi Kisumu ni kama kilomita 330. Hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 850. Helikopta inayokwenda kilomita 200 kwa saa itatoka Entebbe na kufika Mwanza kabla ya saa moja na nusu kutimia. Ikitoka Dar es Salaam itahitaji zaidi ya saa nne, na hapo hatujahesabu muda wa kutua njiani kujaza mafuta. Ramani hii ndogo ndiyo inayofanya suala la hati za ndege, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi na wanasheria, liwahusu pia wavuvi wa Ukerewe na abiria wa vivuko.

Historia ya ziwa inathibitisha jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza na baadaye ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na mtu mmoja akatolewa akiwa hai ndani ya kivuko hicho siku mbili baadaye. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, na waokoaji wa kwanza walikuwa wavuvi. Katika misiba ya aina hii, helikopta iliyo karibu zaidi inaweza kuwa ya jirani. Swali la makala haya ni rahisi kulitaja na gumu kulijibu: helikopta hiyo ikivuka mpaka, nani anadhamini kwamba inastahili kuruka?

2.0 Kuhusu neno lenyewe

Istilahi ya dhana hii bado haijatulia katika Kiswahili. Wapo wanaosema "ubora wa ndege", wapo wanaosema "usalama wa ndege", na katika karakana utasikia tu kwamba chombo "kiko sawa". Mwandishi amechagua "ustahilifu wa kuruka", na ana sababu. Ubora ni sifa iliyomo ndani ya kitu. Kustahili ni uhusiano. Anayestahili hustahili mbele ya fulani, kwa vigezo vya fulani, na huyo fulani anaweza kuulizwa baadaye kwa nini aliamua hivyo.

Maana ya kisheria inaelekea huko huko. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Anga, uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, chombo kinastahili kuruka iwapo kinalingana na usanifu ulioidhinishwa na pia kiko katika hali inayofaa kutumika kwa usalama. Masharti ni mawili, na yote lazima yatimie. Helikopta inayopaa vizuri, isiyovuja mafuta wala kutikisika, lakini iliyofungwa kipuri kisichoidhinishwa, haistahili kuruka. Rubani anaweza kushangaa, kwa kuwa kwake chombo kiko sawa, lakini dola haiwezi kukidhamini chombo isichokijua.

3.0 Aina kwanza, chombo baadaye

Uthibitisho hupita katika ngazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ngazi ya kwanza ni ya aina. Dola ya Usanifu, yaani nchi yenye mamlaka juu ya taasisi iliyosanifu chombo, huchunguza michoro, mahesabu na majaribio, kisha hutoa cheti cha aina. Kwa Robinson R44 dola hiyo ni Marekani. Kwa AS350, ambayo siku hizi huitwa H125, kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usalama wa Anga wa Umoja wa Ulaya, EASA. Pande zote mbili za Atlantiki hugawa helikopta katika makundi mawili: kundi dogo, lisilozidi kilo 3,175 wala abiria 9, na kundi la uchukuzi lenye masharti mazito zaidi. Helikopta ndogo za injini moja zinazofahamika zaidi Afrika Mashariki ziko katika kundi la kwanza.

Tanzania haisanifu helikopta. Kwa hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, hairudii majaribio ya rafadha wala giaboksi; huukubali uamuzi wa Dola ya Usanifu na kuufanya msingi wa uamuzi wake. Huu ni mkopo wa kwanza wa imani katika mlolongo mzima, na si mdogo.

Ngazi ya pili ni ya chombo kimoja kimoja, chenye namba yake ya kiwandani. Hapa ndipo Dola ya Usajili inapoingia. Tuseme mfanyabiashara wa Mwanza amenunua helikopta iliyotumika Afrika Kusini. Kwanza chombo lazima kifutwe katika rejista ya huko, kwa kuwa Ibara ya 18 ya Mkataba wa Chicago hairuhusu chombo kusajiliwa kihalali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Nchi inayouza inaweza kutoa cheti cha ustahilifu kwa ajili ya kuuza nje, lakini cheti hicho hakiruhusu kuruka. Ni taarifa ya hali ya chombo inayotoka kwa mamlaka moja kwenda kwa nyingine. Wakaguzi wa TCAA hukagua chombo na kumbukumbu zake, kisha chombo hupewa alama inayoanza na 5H, hati ya usajili, na hatimaye hati ya ustahilifu wa kuruka. Hati hiyo haidumu milele. Hubaki hai kwa sharti kwamba matengenezo yanafanyika kwa wakati, na huhuishwa baada ya ukaguzi.

Katika kazi hii kumbukumbu za maandishi zina uzito kuliko rangi ya chombo. Helikopta hubebwa na sehemu chache zisizo na mbadala. Injini ikizimika, rubani anaweza bado kushuka kwa kuacha hewa inayopanda izungushe rafadha kuu; lakini rafadha ikivunjika au giaboksi yake ikikatika, hakuna bawa la kusaidia. Ndiyo maana sehemu nyingi zina ukomo wa saa au wa miaka. R44, kwa mfano, hufumuliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya saa 2,200 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Iliyofunikwa turubai hangarini kwa miaka 12 inadaiwa sawa na iliyoruka kila wiki. Kitabu cha kumbukumbu kikipotea, pale saa za pangaboi zisipoweza kuthibitishwa, fundi mwaminifu hana budi kulihesabu kuwa limekwisha, hata kama linang'aa.

4.0 Hewa ya Mwanza kama sehemu ya hati

Jambo ambalo tafiti nyingi za kisheria huliruka ni kwamba hati ya ustahilifu inatembea na kitabu. Mwongozo wa kuruka unaoidhinishwa pamoja na cheti cha aina una mipaka ya uzito, joto na mwinuko, na kukiuka mipaka hiyo ni kuruka nje ya masharti ya hati. Kitabu hicho ni kilekile Marseille na Mwanza. Hewa ndiyo inayotofautiana.

Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kimataifa cha hewa ya kawaida, joto katika mwinuko huo lingekuwa kama nyuzi 7.5 za Selsiasi. Mchana wa Mwanza unaweza kufika nyuzi 28. Tofauti hiyo ya nyuzi zaidi ya 20 hupunguza densiti ya hewa kiasi kwamba helikopta hujikuta kana kwamba iko katika mwinuko wa takriban mita 1,890. Densiti inayobaki ni kama asilimia 83 ya ile ya usawa wa bahari katika hali ya kawaida. Rafadha inashika hewa nyepesi zaidi, na injini nayo inavuta hewa nyepesi zaidi. Hasara inaingia kwa milango miwili.

Sasa fikiria kazi ya uokoaji. Helikopta inayoning'inia karibu na ardhi husaidiwa na mto wa hewa inayosukumwa chini na kurudishwa. Ikining'inia juu zaidi, kama inavyolazimika kufanya inapomvuta mtu kwa kamba kutoka majini au kutoka kwenye mgongo wa kivuko kilichopinduka, msaada huo hupotea na nguvu inayohitajika huongezeka. Majedwali ya mwongozo hutenganisha hali hizi mbili. Chombo kinachoweza kunyanyua abiria wanne alfajiri katika uwanja wa usawa wa bahari kinaweza, saa nane mchana juu ya ziwa, kuruhusiwa kubeba rubani, mwokoaji na mafuta kidogo tu. Hakijaharibika na hati yake bado iko hai, ila hakina nafasi ya manusura.

Kuna pia suala la maji. Kiambatisho cha 6, Sehemu ya III, kinachohusu uendeshaji wa helikopta kimataifa, kinataka maboya ya kudumu au yanayojazwa haraka kulingana na daraja la utendaji: kwa helikopta ambazo injini ikizimika lazima zishuke, sharti linaanza pale chombo kinapokwenda mbali na nchi kavu kuliko umbali kinaoweza kuufikia kwa kushuka bila injini. Mwanza hadi Bukoba ni takriban kilomita 175, sehemu kubwa ikiwa maji. Maboya yana uzito, nao hutolewa katika posho ileile ambayo joto la mchana limeshaipunguza. Mtafiti anaamini kwamba mjadala wowote wa helikopta ya uokoaji katika Kanda ya Ziwa usioanza na hesabu hii utaishia kununua chombo kizuri kwa mahali pengine.

5.0 Hati inapovuka mpaka

Mkataba wa Chicago ulijenga mfumo wake juu ya utaifa. Ibara ya 17 inakipa chombo utaifa wa nchi kilikosajiliwa. Ibara ya 31 inataka kila chombo kinachoruka kimataifa kiwe na hati ya ustahilifu iliyotolewa au kuhalalishwa na Dola ya Usajili. Ibara ya 33 inazilazimu nchi nyingine kuitambua hati hiyo, mradi masharti yaliyotumika kuitoa yanalingana na viwango vya chini vya kimataifa au kuvizidi. Kwa hiyo helikopta yenye alama ya 5Y ikitua Mwanza, mkaguzi wa Tanzania anaikuta tayari ina neno la Kenya, na neno hilo linatosha.

Hata hivyo mkataba haukumfunga mwenyeji mikono. Ibara ya 16 inamruhusu kukagua chombo kigeni na hati zake kinapotua au kuondoka, bila kukichelewesha isivyo lazima. Ibara ya 7 inampa haki ya kukataa chombo kigeni kubeba abiria kwa malipo kati ya vituo viwili vya ndani, kwa mfano Mwanza na Nansio. Kiambatisho cha 8 kinamruhusu kuzuia chombo kilichoharibika kisiendelee na safari, kwa sharti la kuiarifu Dola ya Usajili mara moja. Na chombo ambacho hati yake imeandikwa kwamba kimepungukiwa na kiwango cha kimataifa hakiwezi, chini ya Ibara ya 40, kuingia katika anga ya nchi nyingine bila ruhusa yake.

Mamlaka hayo yote yana tabia moja: ni ya mlangoni. Yanamwezesha mwenyeji kumkagua mgeni anapoingia na anapotoka. Hayamwezeshi kumlea.

6.0 Mgeni anayekaa

Tatizo linaanza mgeni anapokaa. Tangu Freeman Mbowe alipotumia helikopta katika kampeni za urais za mwaka 2005, chopa imekuwa sehemu ya uchaguzi wa Tanzania, na mahitaji ya msimu huo hayalingani na idadi ya helikopta za ndani. Watalii wa Serengeti, migodi ya dhahabu ya Geita na doria za wanyamapori nazo zina misimu yake. Kukodi chombo kutoka nje pamoja na rubani na fundi wake ni jambo la kawaida la kibiashara. Mkodishaji hubaki na chombo chake, na mkodi hupata huduma kwa wiki sita, kwa miezi mitatu, na pengine mkataba ukihuishwa, kwa mwaka.

Katika muda wote huo Dola ya Usajili ndiyo inayowajibika kisheria kwa ustahilifu wa chombo, ingawa wakaguzi wake wako ng'ambo ya mpaka. Kinaegeshwa karibu na ziwa. Hufunguliwa na kufungwa na fundi ambaye mamlaka ya nyumbani haimwoni. Kinatumia mafuta ya mapipa. Kinatua kwenye viwanja vya shule. Mkaguzi wa Tanzania anakiona kila siku lakini programu ya matengenezo si yeye aliyeiidhinisha. Mkaguzi wa nyumbani aliiidhinisha programu lakini chombo hakioni. Kila mmoja ana nusu ya anachohitaji.

Hapa inafaa kutazama kinachotokea ajali inapotukia. Tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, helikopta ilianguka katika Pori la Akiba la Selous na kumuua Mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, pamoja na wenzake. Makala haya hayana neno juu ya chanzo cha ajali hiyo. Inatajwa kwa sababu ya utaratibu. Chini ya Kiambatisho cha 13, ajali inayohusisha chombo cha kigeni huongozwa na nchi ilikotokea, na Dola ya Usajili, Dola ya Mwendeshaji, Dola ya Usanifu na Dola ya Utengenezaji zote zina haki ya kuteua wawakilishi katika uchunguzi. Zikiwa nchi nne tofauti, nne zitaitwa. Baada ya ajali, basi, mkataba una meza kubwa ya kutosha watu wote, ilhali kabla ya ajali hauna meza ya lazima kwao. Pengo hilo ndilo linalomsumbua mwandishi kuliko upungufu wowote wa kiufundi.

Kuna chombo cha aina ya tatu kinachopita pembeni kabisa. Ibara ya 3 inaviondoa katika mkataba vyombo vya dola, navyo ni vile vya jeshi, forodha na polisi. Agosti 2012 helikopta tatu za kijeshi za Uganda aina ya Mi-24 zilianguka katika Mlima Kenya zikielekea Somalia. Hakuna hati ya kiraia iliyohusika. Lakini helikopta ya Polisi ya Kenya iliyoanguka Ngong tarehe 10 Juni 2012 na kumuua Waziri George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na wengine wanne, ilikuwa na alama ya kiraia, 5Y-CDT. Kwa kazi yake ilikuwa ya dola; kwa rejista ilikuwa ya raia. Helikopta ya uokoaji ya ziwani, ikiendeshwa na polisi wa nchi moja na kuingia maji ya nchi nyingine, itakutana na swali hilohilo, na si busara kulisubiri siku ya msiba.

7.0 Pale nchi zinapokataa neno la mwenzake

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni matatizo ya nchi zenye uwezo mdogo. Sivyo. Tarehe 29 Aprili 2016 helikopta ya EC225 Super Puma ilipoteza rafadha yake kuu karibu na Turøy, Norwei, na watu wote 13 waliokuwamo wakafa. Chanzo kilikuwa uchovu wa metali katika gia ndogo ya giaboksi kuu. Mwezi Juni EASA ilisimamisha aina hiyo, na tarehe 7 Oktoba 2016 ikairuhusu kurudi angani kwa masharti. Uingereza na Norwei, ambazo zote zilikuwa ndani ya mfumo wa EASA, zilikataa kuifuata na kuendelea na marufuku yao hadi Julai 2017. Kumbukumbu ya ajali ya Aprili 2009 katika Bahari ya Kaskazini, iliyoua watu 16 katika helikopta ya familia hiyohiyo, ilikuwa bado hai kwa wafanyakazi wa mafuta.

Mfano mwingine unatoka Australia. Kwa sababu ya moto uliofuata ajali ambazo watu wangeweza kupona, mamlaka ya huko ililazimisha R44 zote zifungwe matangi ya mafuta yenye mfuko laini ndani kufikia Aprili 2013. Marekani, Dola ya Usanifu, ilibaki katika kiwango cha kupendekeza. Kwa mwaka huo, R44 yenye tangi la zamani ilistahili kuruka California na haikustahili Queensland, ilhali chuma kilikuwa kilekile.

Mifano hii inaonesha kwamba dola inaweza kwenda mbele ya Dola ya Usanifu inapokuwa na sababu yake. Inaonesha pia gharama yake: lazima uwe na wahandisi wanaoweza kusoma ripoti ya giaboksi na kusema hapana kwa hoja. Nchi isiyo nao itafuata tu maagizo ya ustahilifu yanayotoka nje, jambo ambalo si baya, mradi yafike kwa wakati na mtu ahakikishe yametekelezwa kwenye kila chombo, kikiwamo kile cha 5Y kilichoegeshwa Mwanza.

8.0 Rejista tatu, kanuni moja

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na jibu lake. Hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, usimamizi wa anga ulikuwa chini ya kurugenzi moja ya pamoja, ingawa rejista zilikuwa tatu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki liligawa Super VC10 zake tano katika rejista hizo: mbili zilibeba alama ya 5X ya Uganda, mbili 5H ya Tanzania, na moja 5Y ya Kenya. Utaifa ulikuwa wa heshima. Jicho lililokagua lilikuwa moja.

Jumuiya ya sasa imechagua njia nyingine. Wakala wake wa usimamizi wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao Entebbe, huandaa kanuni za mfano ambazo nchi wanachama huzitunga kuwa sheria zao. Matokeo yake ni kwamba mhandisi anayezifahamu kanuni za ustahilifu za Tanzania hatapotea akisoma za Kenya au Uganda. Hili ni jambo la kupongezwa bila kusita. Hata hivyo CASSOA haitoi hati ya ustahilifu. Hati hutolewa na mamlaka tatu, kwa majina matatu, na kila moja inawajibika kwa rejista yake pekee. Macho yamebaki mengi, nayo hayatazami mahali pamoja.

Thamani ya neno la dola nje ya mipaka yake hupimwa pia na wengine. Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaingiza mashirika yote ya ndege yaliyothibitishwa Tanzania katika orodha yake ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga ya Umoja huo, ikitaja upungufu katika usimamizi. Hakuna helikopta ya Mwanza iliyokuwa na safari ya Ulaya. Hata hivyo orodha ya aina hiyo haisemi kitu kuhusu chombo fulani. Inasema kuhusu anayekidhamini. Inashusha bei ya sahihi, na sahihi ndiyo bidhaa pekee ambayo mamlaka ya anga inazalisha.

9.0 Ibara ya 83 bis juu ya ziwa

Nyenzo ya kuziba pengo la mgeni anayekaa ipo, nayo ina umri wa kutosha. Ibara ya 83 bis, iliyopitishwa mwaka 1980 na kuanza kutumika tarehe 20 Juni 1997, inairuhusu Dola ya Usajili kuhamishia baadhi ya majukumu yake, likiwamo lile la Ibara ya 31 kuhusu ustahilifu, kwa nchi ambako mwendeshaji ana makao makuu ya shughuli zake. Makubaliano hayo yakisajiliwa katika Baraza la ICAO na kutangazwa, nchi nyingine zilizoridhia ibara hiyo zinapaswa kuyaheshimu. Chombo hubaki na alama yake. Anayekilea ndiye hubadilika.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba mazungumzo ya kufikia makubaliano yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko ukodishaji wenyewe. Ni kweli, endapo kila chombo kitajadiliwa peke yake. Lakini makubaliano yanaweza kuwa ya jumla, yakiwa na kiambatanisho kinachotaja kila chombo kwa alama na namba ya kiwandani, ambacho huongezwa na kupunguzwa kwa barua. Kwa kuwa kanuni za nchi tatu za ziwa zimeshaoanishwa, sehemu ngumu ya majadiliano, yaani kulinganisha viwango, kwa kiasi kikubwa imekwisha.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Ibara hii inahitaji pia kwamba mwendeshaji awe na makao yake katika nchi inayopokea. Ukodishaji ambao mgeni anakuja na chombo, rubani na cheti chake cha uendeshaji hauguswi nayo, maana Dola ya Mwendeshaji na Dola ya Usajili zimebaki kuwa moja. Kwa kundi hilo, ambalo ndilo la misimu ya kampeni, mwandishi anapendekeza jambo la chini zaidi ya uhamisho: kibali cha mwenyeji kinachozidi siku 30 kiambatane na ukaguzi wa pamoja, ambapo mkaguzi mmoja wa Dola ya Usajili na mmoja wa TCAA wanasimama mbele ya chombo kilekile, na kitabu cha kumbukumbu kikiwa wazi mezani. Idadi ya siku inaweza kujadiliwa. Kwa kuwa Jumuiya ina utaratibu wa kuazimana wakaguzi kupitia CASSOA, hilo halihitaji sheria mpya.

Kwa helikopta ya uokoaji hesabu ni tofauti tena, maana haiwezi kusubiri siku 30 wala saa tatu. Kinachohitajika kikubaliwe mapema: alama za vyombo vinavyoweza kuitwa kutoka Entebbe na Kisumu, hali ya kila kimoja kuwa cha raia au cha dola, maboya yake, uwezo wake wa kuning'inia katika mita 1,134 za uso wa ziwa na joto la saa nane mchana, na afisa wa Mwanza mwenye mamlaka ya kusema "ingia" kwa simu. Orodha hiyo ingetosha ukurasa mmoja, nao ungefaa kubandikwa mahali ambapo simu ya dharura inapokelewa.